Jibu: Fomu za "macho mekundu" zinazorudishwa

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: uko zahanati hapo Moshi, kila mwenye macho mekundu unamwandikia msimbo H10.9 (utando wa jicho umevimba, chanzo hakijatajwa), na bima inarudisha fomu pale ambapo daktari ametaja kirusi.

Anza na maandishi ya daktari kabla ya kufungua kitabu cha ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. Akiandika tu kwamba jicho limevimba utando, bila kutaja chanzo, H10.9 iko sawa. Akishataja kirusi, unahama sura ya macho na kwenda sura ya maambukizi, B30. Ukikosa maelezo zaidi, B30.9. Adenovirusi, aina mojawapo ya kirusi, ni B30.1, ila ikigusa na konea (kioo cha mbele cha jicho) inakuwa B30.0. Ile ya mlipuko, jicho linavilia damu, ni B30.3.

Wengi wanakwama kwenye malengelenge. Herpesi ya jicho, malengelenge yanayoletwa na kirusi, haimo B30 kabisa, ni B00.5, na mkanda wa jeshi ulioshuka jichoni ni B02.3. Mgonjwa ana vipele paji la uso upande mmoja, jicho la upande huohuo jekundu, halafu fomu inasema H10.9! Hapo hata mimi ningeirudisha.

Misimbo yenye alama ya nyota (*) kitabuni, kama H13.1, haisimami peke yake. Inafuata ule wa chanzo, ambao kwa virusi hivi ni wa B.

Na usikisie kirusi kwa kuangalia tongotongo. Mrudishie daktari faili aongeze neno moja. Kwangu Arusha wanalalamika, lakini wanaandika.