Wamepangwa au wamefukuzwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi chipukizi wa redio ya jamii huku Mbeya. Tuliletewa taarifa ya ofisi isemayo "zoezi la kuwapanga wafanyabiashara wadogo limekamilika kwa mafanikio." Mimi nilikuwepo. Niliona vibanda vikivunjwa na akina mama wakiokota nyanya barabarani. Nikaandika "wafanyabiashara wafukuzwa". Mhariri akakata, akasema hilo ni neno la kichochezi. Wiki hiyohiyo nikaandika "mafisadi wa halmashauri wafikishwa kortini", nalo akalikata. Je, kuna maneno yasiyoelemea upande? Kiswahili fasaha kinasemaje?

JIBU: Marahaba. Kwenye "mafisadi" mhariri wako yuko sahihi. Kwenye "wafukuzwa" ana nusu ya haki. Ninachomlaumu ni kuliacha "kuwapanga" lipite bila kuulizwa, kana kwamba neno likija na mhuri wa ofisi haliwezi kuwa la kichochezi.

Tulitazame hilo kwanza. Tunapanga viti, tunapanga vitabu kabatini, kocha anapanga kikosi, mwalimu wa zamu anawapanga watoto mistarini. Anayepangwa hana kauli, na kabla hajapangwa inachukuliwa kwamba alikuwa shaghalabaghala. Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam na miji mingine, neno lililotawala matamko lilikuwa hilohilo: wapangwe, wapangwe vizuri. Ukilipokea umeshakubali mambo mawili bila kubishana: kwamba pale palikuwa na vurugu, na kwamba anayepanga ana mamlaka ya kupanga. Huenda yote mawili ni kweli. Mtu aliyewahi kutafuta njia ya miguu Kariakoo saa kumi jioni atakuapia kwamba ni kweli tupu. Lakini hiyo ni hoja, na hoja inatakiwa itamkwe ijibiwe, isipenyezwe ndani ya kitenzi.

Wenzetu wa Kenya wana sikio kali zaidi kwenye neno hili. Katika lugha yao ya mitaani, kupangwa ni kuamuliwa mambo yako na watu wengine, na kuelekea uchaguzi wa 2022 "hatupangwingwi", yaani hatukubali kupangwa, ikawa kaulimbiu ya kampeni. Kitenzi kilekile tunachokiona kipole kwenye barua za serikali, wao walikisikia kama tusi la kukataliwa hadharani.

Kuhusu "zoezi" sitakaa sana. Lilikuwa la daftari la hesabu na la viungo. Sasa kuna zoezi la uandikishaji, zoezi la uhamishaji, hata zoezi la bomoabomoa. Uzuri wake kwa ofisi ni kwamba zoezi hukamilika lenyewe. Huambiwi nani alilikamilisha, na kwa nyundo gani.

Hapo ndipo penye uhondo wa sarufi, nami nakuomba upashike kuliko kitu kingine chochote katika barua hii. Shuleni ulifundishwa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka: kikombe kimevunjwa, kikombe kimevunjika. Ukisema kimevunjwa, msikilizaji anaweza kuuliza "na nani?" Ukisema kimevunjika, swali hilo halina pa kukaa, "kimevunjika na nani" haisemeki kwa Kiswahili. Sasa zisikilize kauli za viongozi wetu. Fedha zimepotea. Kura zimeharibika. Nyaraka hazionekani. Maisha ya watu yamepotea. Umeme umekatika. Hakuna uongo wa wazi ndani yake, ila mtenda ameondolewa na mlango umefungwa kwa kufuli la sarufi. Mwandishi hawezi kuukataa usemi wa msemaji, lakini anaweza kurudi na kauli ya kutendwa: "Zimechukuliwa na nani, mheshimiwa?" Utaona uso unavyobadilika.

Na kufukuza? Ni neno la kweli kwa mtu aliyepoteza nyanya zake, lakini lina mawili ndani yake: hasira ya anayefukuza, na kwamba aliyefukuzwa hana pa kwenda. Kama walionyeshwa eneo jingine, "wameondolewa" au "wamehamishwa" litakuwa karibu zaidi na lililotokea. Mimi ningeyaruka yote. Ulichokiona ni vibanda kuvunjwa, na uliwaona waliovunja. Mwenye macho hahitaji kivumishi.

Sasa tuje kwa mafisadi. Pwani, zamani, fisadi alikuwa mpotovu na mharibifu, hasa yule anayeharibu wake za watu. Mtu wa kufungiwa mlango. Neno likapanda jukwaani likabadilika kazi. Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa, wakati huo Katibu Mkuu wa chama cha upinzani cha CHADEMA, aliposoma orodha ya majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, fisadi likawa neno la kila kijiwe cha kahawa, na maana yake ya zamani ikabaki kwa wazee na washairi. Nguvu yake inatokana na kutokuwa neno la mashtaka. Hati ya mashtaka itataja rushwa, matumizi mabaya ya madaraka, utakatishaji fedha. Haitaandika kwamba fulani ni fisadi. Ni hukumu inayotolewa na umati, haina rufaa, na ikishatoka hairudi. Kwa hiyo ukimwita mtu fisadi siku anapofikishwa kortini, umemaliza kesi kabla hakimu hajafungua faili. Anayechunguzwa ni mtuhumiwa. Akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa. Akitiwa hatiani, hapo mwite kwa kosa lake. Waandishi wengi, hata wenye mvi, wanachanganya hayo mawili ya mwanzo.

Lakini usidhani maneno ya sheria yote yamepoa. Mwaka 1983, katika kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, wenye maduka waliokutwa wameficha bidhaa adimu waliitwa walanguzi na wahujumu uchumi. Hujuma ni shambulio. Aliyeficha magunia ya sukari chini ya uvungu akawa, kwa neno moja, sawa na askari wa adui aliyevuka mpaka, na hapo kumtetea kukawa kama kumtetea adui. Sheria maalumu ikatungwa mwaka huohuo, nyingine ikafuata mwaka 1984, na hadi leo washtakiwa wanasomewa kuhujumu uchumi. Neno la kampeni lilipata kazi ya kudumu mahakamani. Ukiandika kwamba fulani ameshtakiwa kwa kuhujumu uchumi huna kosa, maana ndilo jina la kosa kisheria. Ukiandika kwamba amehujumu uchumi, hilo limekuwa lako.

Wasomaji wengine huniuliza kama wingi wa ma- ndio unaotia chuki: mafisadi, mabeberu, makaburu, mabepari. Hapana, kwani tuna madaktari na mabalozi vilevile. Kipimo ni upatanisho. "Mafisadi wamekula" bado anasemwa mtu. "Majizi haya yamekula nchi" ameshatolewa kwenye watu akawekwa kwenye vitu. Katika mabishano ya mpira tunacheka. Katika siasa hiyo ni ngazi ya kwanza, na ngazi zinazofuata tunazijua. Januari 2022, seneta mmoja wa Kenya alikamatwa baada ya kuwataka watu mjini Eldoret waondoe "madoadoa", neno lisilo na kosa lolote kwenye kanga au kwenye ngozi ya chui, ila katika Bonde la Ufa liliwahi kutumika kuwaita watu wa makabila ya nje, na lina historia ya ghasia za uchaguzi. Baadaye mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ikatoa orodha ya maneno ya kuepukwa. "Madoadoa" lilikuwamo, na "hatupangwingwi" nalo. Mimi sina imani sana na orodha. Ukilipiga neno marufuku leo, kesho utakuta kazi yake inafanywa na neno la jikoni. Lakini anayesema maneno ni maneno tu, na aende Arusha. Hapo ndipo mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipowatia hatiani, Desemba 2003, waanzilishi wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 1994 redio hiyo iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na watu wakauawa kama wauawavyo mende.

Nirudi kwenye chumba chako cha habari, maana kuna maneno mhariri wako hayakati kamwe ingawa yanaelemea kila siku: vile vitenzi vya kuripoti. Mkuu wa wilaya "amebainisha", "amefafanua", "ameweka wazi". Mama ntilie "amedai", "amelalama". (Huyo mama ntilie naye ofisini ameshaitwa mama lishe, jina lililokogeshwa.) Kubainisha ni kusema kilicho kweli, kudai kunatia shaka kabla msikilizaji hajasikia kilichodaiwa. Hesabu katika taarifa moja ya saa mbili usiku nani anabainisha na nani anadai, utajua redio imekaa upande gani hata kabla ya kusikia habari yenyewe. Neno "amesema" ni kavu, halina mapambo, na linamtosha mkuu wa wilaya na muuza nyanya sawasawa.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Mgambo wamevunja vibanda vya wafanyabiashara wadogo pembezoni mwa barabara kuu. Halmashauri imesema wafanyabiashara hao wamepangwa upya. Wafanyabiashara wamesema wamefukuzwa." Baada ya hapo tafuta bodaboda ikupeleke kwenye hilo eneo jipya walikopangwa, maana taarifa uliyoninukulia haisemi liko wapi.