Barua kwa mwanangu: laptopu ya kwenye boksi au ya mtumba

Uyole, Jumapili jioni

Lusajo mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nimeona umeanza na "kamwene". Kumbe mwaka mmoja na nusu wa Mafinga umetosha kukufanya Mhehe! Ugonile basi, usije ukasahau kwenu.

Swali lako nalirudia ili tusipishane. Una laki saba. Dukani hapo Mafinga kuna laptopu mpya, haijafunguliwa boksi: prosesa (ubongo wa kompyuta) Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) 4GB, hifadhi ya faili 64GB, laki sita na nusu. Mwalimu mwenzako wa fizikia anamjua mtu mwenye ThinkPad T480 ya mtumba: i5-8250U, RAM 8GB, hifadhi ya SSD (isiyo na diski ya kuzunguka) ya 256GB, laki tano na nusu. Na mwenye nyumba wako naye ana ya kwake ya zamani zaidi, anakuachia kwa laki tatu. Kazi zako ni andalio la somo, azimio la kazi, kutunga mitihani, kujumlisha alama, na sinema ya Jumamosi usiku. Unaona aibu kutoa hela yako ya kwanza ya maana kwa kitu kilichochubuka wakati kipya kipo.

Chukua ya mtumba, hiyo T480. Najua jibu fupi halikutoshi, tangu mdogo ulikuwa unauliza "kwa nini" mpaka chai inapoa, kwa hiyo nakueleza.

Kwanza hilo neno "mpya". Prosesa ya N4020 Intel waliitoa mwishoni mwa 2019. Hiyo i5-8250U waliitoa Agosti 2017. Kipya na kizee chako wameachana miaka miwili tu, na huyo "kipya" alizaliwa akiwa wa bei rahisi: ana koa mbili, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi, mwenzake ana nne zinazobeba kazi nane kwa mpigo. Kilicho kipya pale ni boksi, nailoni na harufu. T480 ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, watu wa kuandika kutwa nzima; kampuni hununua nyingi kwa pamoja, hukaa nazo miaka michache, kisha huziuza zote kwa mkupuo, ndiyo maana zinafika Kariakoo kwa malundo na kupanda mabasi kuja huku. Unalikumbuka lile sweta la sufu nililokununulia Mwanjelwa ukiingia kidato cha kwanza? Lilikuwa mtumba, ukacheka. Lile jipya la shangazi yako lilitoa vipumba siku nilipolifua mara ya pili, na la mtumba mdogo wako analivaa mpaka leo kukiwa na ukungu.

Jifunze kusoma hizo namba, utasaidia na wenzako ofisini. Baada ya i5 kuna kistari, kisha namba. Ikiwa na tarakimu nne na haianzi na 1, ya kwanza ndiyo kizazi: 6300U ni cha sita, 7200U cha saba, 8250U cha nane. Zikiwa tano, kama 10210U, soma mbili za mwanzo, ni cha kumi; na nne zinazoanza na 1, kama 1235U, nazo soma mbili za mwanzo, ni cha kumi na mbili. Mpaka upo kwenye nane. Windows 11 kwa upande wa Intel, ukiacha vighairi vichache, inapokea rasmi kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake viraka vya usalama haviji tena kama zamani. Ile ya mwenye nyumba umesema imeandikwa 6300U. Mshukuru, mwambie bado unajipanga.

Najua utaniuliza, "Mbona mama wewe unayo ya kizazi cha nne dukani na inafanya kazi?" Ninayo, ndiyo inayozunguka kwenye printa kila siku. Fundi aliniwekea Linux Mint badala ya Windows, haina gharama, na mteja wa kutoa kopi hajali ndani kuna nini, anaangalia karatasi yake imetoka. Ila wewe utakuwa unarushiana mitihani na walimu wenye Word. Faili la Word likifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ninayotumia huko, jedwali linaweza kuhama, swali la 7 likaangukia ukurasa wa pili peke yake bila mchoro wake. Mimi nikikuta hivyo narekebisha taratibu, mteja anasubiri kwenye benchi. Wewe utakuta mkuu wa taaluma anataka karatasi kesho asubuhi.

Sasa nikusimulie ya kwangu, maana wewe ulikuwa chuo na sikukuambia yote, niliona haya. Ile laptopu nyembamba ya bluu uliyoikuta likizo niliinunua mpya, kwenye boksi, 4GB na 64GB, sawasawa na hiyo unayoonyeshwa. Mwezi wa kwanza nilijisifu kwa kila mtu. Windows yenyewe ilikula karibu nusu ya hizo 64, nikaweka programu za ofisi na faili za wateja, ikabaki nafasi ya kupitisha sindano. Ukaja msimu wa wanafunzi kuomba mikopo ya chuo. Foleni imefika mlangoni, mvua inanyesha, kila mtu kabeba cheti kwenye nailoni, na laptopu ikaamua kujisasisha. Ikazunguka, ikazunguka, ikaandika nafasi haitoshi, ikaanza upya. Nikafungua kurasa tatu tu za intaneti, ikaganda kama samli ya Julai. Watoto wa watu wakahamia duka la jirani mmoja mmoja, wengine wakaniaga kwa heshima, hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nikaipeleka kwa fundi nikitaka aongeze RAM. Alifungua skrubu za chini, akainua mfuniko kwa kadi ya simu iliyokwisha, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Mama, angalia hapa. Hiki kidude cheusi ndiyo RAM yako, na hiki ndiyo hifadhi. Vyote vimechomelewa kwenye ubao." Hakukuwa na tundu hata moja la kuingizia kitu. Aliurudisha mfuniko, hakunitoza hela. Siku hizi ninacheza nyimbo za kwaya tu kwa hiyo laptopu.

Wiki ileile fundi huyohuyo alichukua ile yangu ya kizazi cha nne, iliyokuwa na diski ya kuzunguka, akatoa diski, akasukuma SSD mahali pake, skrubu nne, tukawasha. Zamani nilikuwa naiwasha, naenda kufagia kibaraza, nikirudi bado inazunguka. Siku ile sikuwahi hata kukaa. T480 yako tayari ina SSD, na ndani ina matundu mawili ya RAM, kwa hiyo hizo 8GB zikikubana miaka miwili ijayo unaongeza, hununui nyingine.

Nisikufiche ubaya wa mtumba. Ubaya wake ni betri. Kuna jioni nilikuwa nachapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya binti mmoja wa chuo, tuko ukurasa wa 31, amesimama nyuma ya kiti changu na hela mkononi. Umeme ukakatika. Nikamwambia usijali mwanangu, betri inasoma asilimia 64. Sijamaliza sentensi, kioo kikawa cheusi. Kurasa tisa zilikuwa hazijahifadhiwa. Nilimchapia upya usiku kwa mshumaa na betri ya kuazima, na hela yake sikuichukua. Betri iliyochoka hudanganya, inaonyesha nusu kumbe ni kapu tupu.

Kwa hiyo ukienda kuiona, usiiamini asilimia. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ukurasa. Tafuta uwezo wa kiwandani (design capacity), na chini yake uwezo wa sasa ikijaa (full charge capacity). T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayochomoka, kwa hiyo utaona safu mbili. Ya ndani kiwandani ni karibu 24,000. Ukikuta ya sasa 12,000, nusu imeshaliwa. Usikimbie kwa sababu hiyo, punguza bei. Ya nyuma unasukuma vifungo viwili, inatoka, unaweka nyingine bila fundi wala bisibisi. Ile laki na nusu inayobaki kwenye hesabu yako ndiyo kazi yake hiyo.

Kagua pia tundu la chaji. Ni lile dogo la mviringo bapa, kama la simu mpya, na limeshikizwa kwenye ubao mkuu. Likilegea ni kazi ya fundi mzuri kweli. Yapo mawili ubavuni, jaribu chaji kwenye yote, tikisa waya kidogo uone kama chaji inakatika. Kisha izime, iwashe huku unabonyeza F1, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla ya Windows. Ikikuomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, funga, aga, ondoka, hata akikupunguzia laki mbili. Hiyo imetoka kwenye kampuni na kufuli lake, au imetoka mahali pengine ambapo hatutaki kupajua. Kioo nacho: zipo T480 zenye kioo hafifu, ukikaa pembeni rangi zinageuka. Sogea kushoto, sogea kulia. Kwa alama za wanafunzi hakina shida, ila sinema utaangalia peke yako. Mikwaruzo ya mfuniko usiihesabu. Charaza kila herufi.

Hiyo mpya ina haki yake sehemu moja. Prosesa yake inakula umeme kidogo sana, wati 6 kwa 15 za mwenzake, na nyingi za namna hiyo hazina hata feni. Ungekuwa umepangiwa shule ya sola tupu kule milimani Makete ningefikiri mara mbili. Na ina waranti, ingawa waranti usome wanaipokelea wapi. Ikiwa ni Dar, nauli ya kwenda na kurudi nayo ni bei. Mafinga una umeme wa gridi, na mwalimu wa fizikia yuko mlango wa pili.

Usilipe kabla hujanipigia kwa video. Iweke mezani, igeuze nione chini, nisomee hizo namba za betri taratibu maana mtandao huku jioni unasuasua. Ukikuta stika ya kampuni ya zamani kwenye mfuniko usiibandue kwa kisu kama ulivyofanya kwenye ile redio ya babu yako; ipashe moto kwa kikaushia nywele cha mke wa mwenye nyumba, itatoka yenyewe.

Baba yako ameweka viazi nusu gunia kwenye basi la kesho alfajiri. Kondakta ana namba yako.

Mama yako