Kwa Shangazi: Krismasi ya kwanza bila Mzee, nani atapiga viatu kiwi?

Shangazi habari za siku nyingi. Mimi ni msomaji wako wa hapa Kireka, nina miaka 34, ni wa pili katika watoto 4. Mzee wetu alituacha mwezi wa nne mwaka huu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, sisi tumekulia kambini Jinja ndo maana hata kijijini Tororo nyumba yetu inaongea Kiswahili na majirani walishazoea kutucheka. Sasa Krismasi inakuja na mi naogopa tarehe 24 usiku kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Manake usiku ule Mzee alikuwa na kazi yake: anakusanya viatu vya watu wote nyumbani, vya watoto, vya wajukuu, hata sandozi za mgeni, anakaa kwenye kigoda pale barazani na redio yake na kopo la kiwi na kipande cha fulana iliyochakaa, anavipiga kimoja kimoja mpaka saa sita, halafu anavipanga kwa saizi kuanzia cha mtoto mdogo kabisa mpaka chake mwenyewe mwisho, kama gwaride. Asubuhi ukitoka unakuta mstari. Mwaka huu nitatoka nikute saruji tupu.

Mama anasema tutafanya kama kawaida, hataki kusikia kingine. Kaka yetu mkubwa anasema haji, ana kazi. Mdogo wetu wa mwisho anataka tumchukue Mama tumpeleke Entebbe tukae ziwani siku mbili ili asione kaburi, manake liko pale nyuma ya jikoni, ukichuja chai unaliona. Halafu kuna mambo mengine mawili. Mzee alikuwa kwenye kikundi cha ng'ombe wa Krismasi, watu wanachanga hela kisha wanagawana nyama, elfu 5 kila wiki kwa wiki 50, alifikisha elfu 70 akafa, sasa mweka hazina anauliza aturudishie au tumalizie kabla ya tarehe 20. Na baba mdogo ametuma ujumbe kwenye grupu ya familia ati tarehe 26 wote tuwepo "tuongee mambo ya shamba". Nifanyeje Shangazi, kichwa kinauma.
Binti wa Kambi, Kireka

Binti wa Kambi, pole sana mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama palepale kwenye viatu.

Hebu nikwambie kilichotupata sisi. Mama yangu alipofariki, Krismasi ya kwanza mimi ndo nilijifanya kiongozi, nikawapigia shangazi zangu simu mmoja mmoja nikawaambia tafadhali tukifika msimtaje Mama, tusiwalize watoto. Tukafika, tukapika, matoke yakafunguliwa kwenye majani yanafuka moshi, kuku wa luwombo hao, waliopikwa ndani ya majani ya ndizi, watu wote wamekaa kwenye mikeka, na hakuna anayekula. Dakika zinaenda. Tunatazamana. Mpaka mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka 7, akauliza kwa sauti, "Nani anaomba sasa, si Jajja ndo huwa anaomba?" Yaani hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuwa amefikiria. Tulikumbuka chumvi, tulikumbuka soda, tukasahau kwamba Mama ndo alikuwa mdomo wa ile sala. Basi kila mtu akainuka na sababu yake, huyu anaangalia mbuzi, yule anatafuta simu, tukaenda kulia kila mtu kona yake, chakula kikapoa.

Tangu hapo naamini kitu kimoja na sijakiacha: sikukuu ya kwanza haikuumizi sana kwa kile kiti kitupu, kiti watu wanakijua wanakikwepa, inakuumiza kwa kazi. Marehemu alikuwa na kazi zake siku ile, ndogo ndogo, hakuna aliyempa wala aliyeziandika, na kila moja inakuja saa yake inakuta hakuna mwenyewe. Sasa chukua daftari leo hii, si kesho, andika kazi za Mzee kuanzia tarehe 23 mpaka 26. Nani alienda kuchukua nyama alfajiri? Nani alichinja kuku? Nani aliamua mtoto gani amekosea? Nani aligawa zile noti za elfu elfu kwa wajukuu baada ya kanisa? Nani alimwambia jirani mlevi aende nyumbani? Ukimaliza mpigie Mama, usiiweke kwenye grupu, mpigie yeye peke yake jioni akiwa ametulia, mwulize moja moja: hii tuifanye, tumpe nani, au mwaka huu tuiache? Kuna atakazosema ziachwe. Ziache bila kubishana.

Manake hilo neno lake la "kama kawaida" mimi silisikii kama unavyolisikia wewe. Wewe unasikia mama anakataa kukubali. Mimi nasikia mwanamke anayeogopa kwamba watoto wataacha kuja, leo Entebbe, mwakani kila mtu kwake, na yeye abaki na kuku na kaburi. Kwa hiyo Entebbe hapana. Mdogo wako ana moyo mzuri lakini kaburi lenyewe Mama analiona kila siku anapochota maji, ni nyinyi wa Kampala ndo hamjalizoea. Fikeni mapema, tarehe 22 ikiwezekana kabla nauli hazijapanda kichaa na foleni ya Mukono haijawa ya kulala njiani (na ukipita Namawojolo mnunulie Mama kuku wa mshikaki na gonja, zile ndizi za kuchoma, wajane huwa hakuna anayewaletea vitu vya njiani tena), halafu tarehe 23 asubuhi piganeni na majani pale kaburini wote pamoja, watoto wafagie. Wakitaka kukaa juu yake wakae. Wajukuu walimkalia Mzee mapajani miaka yote, hapo hakuna dhambi.

Kaka yako. Hapa naomba usimpigie kelele. Mtoto wa kiume wa kwanza akifika nyumbani bila baba, kuanzia getini watu wote wanamwangalia kana kwamba ameshakuwa yeye, wanamwita Mzee, wanamvutia kile kiti, wanamletea matatizo ya mipaka na karo. Huyo anakimbia kiti, hakimbii Krismasi. Mwambie hivi: njoo usiku mmoja tu, kiti cha Mzee hakikaliwi na mtu mwaka huu, kazi yako ni moja, tarehe 24 alfajiri uende na beseni ukachukue nyama ya Mzee. Mwanaume ukimpa beseni anajua afanye nini na mikono yake.

Na hiyo nyama malizieni. Usirudishiwe zile elfu 70, tafadhali. Zimebaki 180,000, mko 4, ni 45,000 kila mtu, najua Desemba ni ngumu ila hiyo ni hela ya safari mbili za kipuuzi mjini. Mwambieni mweka hazina jina lisifutwe, liendelee kuitwa lake siku ya kugawa. Watakapoita jina lake pale chini ya mwembe na kijana wake akasogea na beseni, utaniambia.

Sasa baba mdogo na shamba lake. Mkutano wa tarehe 26, tumbo limejaa, malwa, ile pombe ya ulezi, iko kwenye chungu, watu wamezunguka na mirija yao, mjane ana miezi 8 tu, hapana hapana hapana. Mjibuni kwa heshima, "Baba, tutaongea, ila sio sikukuu, na tutaongea tukiwa na karatasi." Na mjue mnachosimamia. Sheria ya mirathi ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2022, kama Mzee hakuacha wosia mali yake inagawanywa hivi: watoto asilimia 75, mjane asilimia 20 (zamani ilikuwa 15), ndugu waliokuwa wanamtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba aliyokuwa anaishi na mama yenu haiingii kwenye huo mgao, ni ya mjane na watoto kukaa, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai. Tena hakuna mtu, awe baba mdogo awe hata kaka yako, anayeruhusiwa kuanza kuuza au kukata viwanja kabla hamjapata karatasi za usimamizi. Mnaanza na cheti cha kifo cha NIRA, ile ofisi ya usajili, na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, mnaenda ofisi ya Administrator General, msimamizi wa mirathi wa serikali, mpate barua ya kutokuwa na pingamizi, halafu ndo mahakamani. Januari. Sio kwenye malwa. Na mrija wa Mzee kama bado umechomekwa pale kwenye paa, mtu asipewe kwa sasa, watauomba, nawajua.

Viatu umeanza navyo, mimi nimeviacha mwisho. Kopo la kiwi lipo wapi? Kama halijatupwa, usiku wa tarehe 24 mkae barazani wewe na wadogo zako na wajukuu, washeni ile redio. Hamtavipiga kama yeye, mtapaka na soksi, mtagombana, mtoto mmoja atajipaka usoni. Mkipanga mstari, vyake viweke au usiviweke, hilo nakuachia, mwulize Mama. Mimi ningeviweka.

* * *

Shangazi, sisi ni Wanubi wa Bombo, baba yetu alifariki mwezi na nusu kabla ya Iddi na mama yuko eda. Wadogo zangu wanataka nguo mpya na kupika kama kawaida, shangazi yetu mmoja amesema ni aibu, nyumba ya msiba haili Iddi. Nani ana haki?
Mtoto wa tatu, Bombo

Wadogo zako, na simwogopi shangazi mwenzangu. Eda ya kufiwa na mume ni miezi 4 na siku 10 na inamhusu mjane peke yake: hajipambi, hajitii manukato wala hina, havai dhahabu, anakaa nyumbani kwake. Kwa watu wengine wote, watoto mkiwemo, kuomboleza ni siku 3. Huzuni hakuna anayekupangia, lakini kuzuia watoto nguo ya Iddi kwa jina la dini, hapo dini imesingiziwa. Pikeni. Mama atakula na nyinyi, atapokea wageni wa kike, hakuna kilichomzuia pilau. Ila msimwache peke yake ndani mkaenda kuzunguka mji siku nzima, wekeni zamu, wawili wanatoka wawili wanabaki, mkae naye kwenye mkeka. Na sahani ya kwanza itoke kwa jirani maskini, sadaka kwa niaba ya baba yenu. Huyo shangazi mpelekeeni pia, nyingi nyingi. Akishakula hatasema tena.

* * *

Habari Shangazi, mimi ni Mkenya wa Busia nimeolewa na Muganda, tunaishi Nansana. Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Sasa ukoo umepanga lumbe tarehe 28 Desemba huko Masaka, mume wangu tangu asikie haongei, na mimi sielewi, si tulishazika? Kwa nini waharibu sikukuu?
Mke wa Nansana

Kuzika ni kuzika, lumbe ni kuufunga ule msiba. Mpaka ufanyike, kwa Waganda kifo kile bado kiko ndani ya nyumba, kama mgeni ambaye hajaaga. Wanaiweka Desemba kwa sababu rahisi tu, watu wote wako nyumbani na shule zimefungwa. Mtakesha na ngoma, wengi watalala kwenye vibanda vya majani ya ndizi, asubuhi anaonyeshwa omusika, mrithi, amevalishwa lubugo, nguo ya gome la mti, na kwa kuwa aliyefariki ni mama mrithi atakuwa mwanamke, pengine binti wa kaka yake marehemu au binti mwingine wa ukoo aliozaliwa. Kuanzia siku hiyo watu watamwita mama, hata kama ana miaka 15. Mumeo atatakiwa amwite mama. Mimi nadhani hapo ndo ulimi wake umefungwa, wala si hela ya teksi wala uchovu. Usimwulize "una nini", mwulize ni nani aliyechaguliwa kuwa omusika na kama amekubali moyoni. Halafu beba sweta, usiku wa lumbe una baridi, na gomesi, lile gauni la heshima la Kiganda, ukope kwa wifi zako mapema, wanawake wote mtaitaka siku hiyo hiyo.