Makomredi, Agosti 10 mtakuwa wapi?

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka vyuoni, na mengi yanahusu usajili wa wapiga kura. Yale ya kutaka kujua nani atashinda 2027 nimeyaweka kando. Mimi si mganga.

Mwalimu, nilijisajili 2022 lakini nimepoteza kadi ya kura. Nitapata wapi nyingine? (Mwanafunzi, Machakos)

Hakuna kadi ya kura. Ilitupwa zamani, Kenya ilipoanza kusajili wapiga kura kwa alama za vidole mwaka 2012. Kile kikaratasi alichokupa karani ni stakabadhi tu. Siku ya kura unabeba kitambulisho ulichojisajili nacho. Kama ulitumia pasipoti, beba pasipoti. Swali hili linarudi kila mara kama deni la dukani. Anayesoma safu hii tafadhali amsomee na jirani yake wa hosteli.

Kwetu ni Kwale, nasoma Eldoret. Nijisajili wapi? (Mwaka wa pili)

Laiti wote wangeuliza hivi. Kabla hujamwona karani, fungua kalenda ya chuo chako. Katiba inasema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao unaangukia Agosti 10, 2027. Vyuo vingi wakati huo huwa vimefunga, au vinasubiri kupokea wanafunzi wapya.

Sasa tuseme umejisajili karibu na geti la chuo kwa sababu siku hiyo maafisa walikuja na spika kubwa na marafiki zako wote walikuwa kwenye foleni. Agosti ikifika uko Kwale dukani kwa mama. Kituo chako kiko Eldoret, upande wa pili wa nchi, na nauli ya kwenda na kurudi ni matumizi yako ya wiki kadhaa. Hutaenda, na mimi sitakulaumu. Lakini jioni yake wachambuzi watakaa kwenye runinga waseme vijana hawajali nchi yao, na wewe utakuwa umehesabiwa humo.

Kwa hiyo jisajili mahali utakapolala usiku wa Agosti 9. Kama ni nyumbani, tumia likizo ufike ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lenu. Kama umepanga chumba Eldoret mwaka mzima na una kibarua huko, basi Eldoret ndiko kwako. Aliyekwisha kujisajili chuoni anaweza kuhamisha kituo, ila sheria inataka ombi lifike kwa tume siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Hesabu inakuja Mei 12, 2027. Walio mwaka wa mwisho, hili linawahusu kuliko wote: kufikia Agosti ile mtakuwa mmehitimu na kutawanyika, na hosteli mliyoandikisha itakuwa ya watu wengine.

Kitambulisho changu hakijatoka. Nikienda na waiting kadi je? (Mwanafunzi, Garissa)

Haitoshi, hiyo ni stakabadhi ya kusubiri kitambulisho tu. Abstrakti ya polisi, ile hati ya kuripoti kwamba kitambulisho kimepotea, pia haitoshi. Fuatilia kitambulisho kwanza, kila wiki ukiweza. Vijana wengi hupotelea hapa, miezi mingi kabla ya kampeni kuanza, na hakuna mwanasiasa anayewalilia.

Nilikuwa barabarani Juni 2024. Tulipigwa mabomu ya machozi, wenzetu wakauawa. Leo unataka nipange foleni nipige kura moja ambayo itaibwa? (Komredi, Nairobi)

Kijana wangu, hasira yako naielewa na sitaki kuipuuza. Waliouawa katika maandamano yale ni makumi ya watu. Nami sikatai kwamba barabara ilifanya kazi: Juni 25 Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi mliokuwa mkiupinga, kesho yake Rais akatangaza hatautia sahihi, na Julai 11 akawafuta karibu mawaziri wote.

Lakini rudi nyuma kidogo. Siku ile wabunge 195 walisema ndiyo na 106 wakasema la. Hao 195 hawakushuka kutoka mbinguni. Wengi wao waliingia Bungeni Agosti 2022, na mwaka huo vijana wa chini ya miaka 35 walikuwa asilimia 39.84 ya waliosajiliwa. Vijana waliosajiliwa walipungua kwa asilimia 5.27 ukilinganisha na 2017. Walipungua, katika nchi ambayo kila mwaka inazidi kuwa na vijana! Oktoba 2021 tume ilianza usajili wa halaiki ikitafuta wapiga kura wapya milioni 6; awamu ile ikaisha na milioni 1.5 hivi.

Kuhusu hiyo kura moja, mwaka 2022 tofauti kati ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa kura 233,211. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka nusu ya kura, akaepuka duru ya pili, kwa kura kama 8,400. Idadi hiyo haifiki hata wanafunzi wa chuo kikuu kimoja kikubwa hapa Nairobi. Na hao ni marais. Ukishuka kwa madiwani, kuna wadi ambazo kura mia mbili zinaweza kumtoa mtu kitini.

Wizi wa kura upo na unapaswa kupigwa vita, lakini kura rahisi kuliko zote kuiba ni ya mtu ambaye hakutokea. Aliyetokea anaacha alama kwenye mashine, anaacha wakala aliyemwona, anaacha fomu ya matokeo inayobandikwa mlangoni pa kituo. Ukitaka kuilinda, omba kazi ya ukarani au uwakala na ubaki pale mpaka fomu ijazwe. Kuandika mtandaoni saa nne usiku kwamba tumeibiwa hakulindi chochote.

Halafu nina neno ambalo hukuniuliza. Wapo wanaowaambia vijana kwamba kususia kura ni msimamo wa kimapinduzi. Wachunguze vizuri hao. Wengi wao wenyewe wamesajiliwa, na wengine wana jamaa anayewania kiti.

Niliangalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikakuta mimi ni mwanachama wa chama fulani. Basi si tayari nimesajiliwa? (Mwanafunzi, Kisii)

La. Rejista ya vyama na rejista ya wapiga kura ni vitu viwili tofauti. Ya vyama iko kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, ya kura iko IEBC. Tena kama hukujiunga na chama hicho, jiondoe. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa kwenye vyama bila wao kujua, na sioni sababu ya kuamini tabia hiyo imekufa.

Nilijisajili nyumbani. Naweza kujisajili tena chuoni ili nichague pa kupigia? (Mwaka wa kwanza)

Usithubutu. Ni kosa la jinai, na mashine inajua vidole vyako. Hamisha kituo kama nilivyoeleza hapo juu.

Mimi nitampigia rais tu, hao wengine siwajui. Si ni sawa? (Mwanafunzi, Kakamega)

Sheria haikukatazi. Mimi nitakuuliza, unarudi hosteli saa ngapi? Taa za barabarani kati ya stendi na hosteli yako, pale wanafunzi wanaponyang'anywa simu, si kazi ya rais. Ni kazi ya kaunti. Takataka iliyorundikana nyuma ya vibanda mnavyokula, zahanati ya kaunti unayokimbilia usiku wa manane, barabara za ndani za mtaani, hayo yote yako kwa gavana, na anayepaswa kumbana koo ni diwani wako. Ukifika kituoni utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na diwani. Wanafunzi mnaikariri ya kwanza na kuziandika hizo tano kwa kubahatisha.

Upande wa karo, ni Bunge linalopitisha pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, ule wa kuwapanga wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia, umezungushwa mahakamani huku nyinyi mkihangaika na ankara za karo. Muulize anayeomba kiti cha ubunge msimamo wake kuhusu mfumo huo. Akianza kukuhadithia basari alizogawa, mkatize. Basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, ni kodi ya mzazi wako, na mheshimiwa anaipiga picha kama ametoa mfukoni mwake.

Nawaelewa kidogo, hata hivyo. Tangu sheria ya vyuo vikuu ibadilishwe 2016, wengi wenu mmechaguliwa viongozi wa wanafunzi na wajumbe, nyinyi mkipiga kura ya wajumbe tu. Mtu aliyelelewa hivyo si ajabu akifika kituoni akidhani kuchagua ni jambo la mkato.

Nasoma Kampala. Nitapiga kura? (Mwanafunzi kutoka Busia)

Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12 za nje, Uganda na Tanzania zikiwemo, lakini walipewa karatasi moja tu, ya rais. Fuatilia tangazo la tume na ubalozi. Kama kwenu ni Busia, mimi ningejisajili nyumbani nizipate zote sita.

Mheshimiwa mmoja ameahidi kutuletea basi chuoni, twende tukajisajili eneo bunge lake, na kila mmoja apate elfu mbili. Kuna ubaya? (Wasiotaka kutajwa)

Upo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, hongo ni kosa la anayetoa na la anayepokea pia, kwa hiyo msijifiche nyuma ya umaskini wa mwanafunzi. Pili, mkisajiliwa kwake mmejitoa kwenu, na diwani wa kwenu mnayemlalamikia kila siku atawashukuru sana. Tatu, Agosti 10 hilo basi linaweza lisije. Huenda atakuwa ameshaona kwamba idadi haimtoshi, au amekosana na mwenye basi, nanyi mtabaki na kituo msichoweza kukifikia. Akiomba akuwekee kitambulisho hadi siku yenyewe, kimbia. Kuna watu wamekesha wakitafuta vitambulisho vyao siku ya kura.

Na kama mmeshapanda na elfu mbili zimeshaliwa, msinyamaze kwa aibu. Ombeni kuhamishwa kituo kabla ya Mei 12, na kila mmoja aende na kitambulisho chake mwenyewe mkononi.