Sugua dumu kabla halijaanza kuteleza

Nafanya kazi maabara, na kipindupindu kinapotangazwa mtaani kwetu majirani hunifuata na swali moja: "Dada, dawa ya maji tunatia, mbona watoto bado wanaharisha?" Siku hizi naomba kwanza nilione dumu. Naingiza kidole shingoni na kupapasa ukuta wa ndani. Mara nyingi panateleza.

Utelezi ule ni kazi ya bakteria. Huunganisha sukari moja moja kuwa minyororo mirefu, wakaitoa nje ya seli na kujifunika nayo. Wengi wanaoishi dumuni hawana madhara, lakini bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana ufundi huohuo, na ukimfahamu yeye utaelewa kwa nini nakazania kusugua kuliko kuongeza dawa.

Vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi ya kujenga minyororo hiyo, hutokana na jeni zinazoitwa vps. Bakteria haviachi vifanye kazi muda wote, maana sukari ni chakula chake na kujengea ganda ni gharama kubwa. Anapoogelea peke yake, jeni hizo zimetulia. Akinata kwenye ukuta wa chombo, ndani ya seli huongezeka molekuli ndogo iitwayo saikliki di-GMP. Molekuli hii ilielezwa mwaka 1987 na kundi la Moshe Benziman huko Jerusalem, kwa bakteria anayetengeneza selulosi, ambako hukiamsha kimeng'enya chenyewe moja kwa moja. Kwa Vibrio, hushikwa na protini mbili, VpsR na VpsT, na hizo ndizo huwasha jeni za vps. Hapo vimeng'enya hutengenezwa na ute huanza kutoka. Vibrio ana zaidi ya protini 50 za kuitengeneza au kuivunja molekuli hii, nyingine zikiitikia ubaridi wa maji, nyingine nyongo ya utumboni. Kiumbe mdogo kiasi hicho kuwa na udhibiti wa namna hiyo bado kunanishangaza.

Kuzimwa kwa jeni hizo ndiko kunakotuhusu zaidi nyumbani. Kila seli hutoa kemikali za kuwajulisha wenzake kwamba ipo. Wakishasongamana, protini iitwayo HapR huongezeka, huzibana jeni za vps na kushusha ile molekuli. Uzalishaji wa ute unapungua, na baadhi yao hujichomoa na kurudi kuogelea. Kwa hiyo usingoje mpaka utelezi uusikie kwa kidole: ukuta ulioiva tayari unamwaga bakteria ndani ya maji, na maji uliyoyatibu jana, klorini yake ikishaisha, yanapokea wapya.

Na ile klorini? Sehemu yake huishia kwenye ute kabla ya kuzifikia seli zilizojificha chini. Tangu 1938 inajulikana aina ya Vibrio inayoota kwenye sahani za maabara ikiwa na makunyanzi, kwa sababu inazalisha ute kupita kiasi. Baadaye ikaonekana kwamba huvumilia klorini kuliko ndugu zake laini. Tafadhali usijibu hilo kwa kumimina dawa maradufu kwenye maji ya kunywa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, halafu pambana na ukuta.

Mimi hufanya hivi kila wiki, pateleze pasiteleze. Natia kokoto ndogo zilizooshwa, maji ya sabuni kiasi, nafunga kifuniko na kulitikisa dumu kwa nguvu huku nikiligeuza, mpaka kokoto zipite kila kona. Namwaga mbali na kisima, nasuuza, nakiosha na kifuniko kwenye zile hesi zake, kisha naliinamisha likauke kabisa. Ndipo natia maji, naweka dawa, nasubiri dakika 30.

Kama maji yako ni ya bwawa au mto, yachuje kabla ya dawa kwa khanga kuukuu safi iliyokunjwa angalau mara nne. Vibrio hupenda kunata kwenye viumbe vidogo vya majini, na kitambaa huvinasa. Vijijini Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 na Rita Colwell na wenzake ulionyesha kuwa kuchuja kwa sari kuukuu kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Kuchuja hakuchukui nafasi ya dawa. Khanga yenyewe ifuliwe na kuanikwa juani kila baada ya kutumika.

Mwenye uwezo anunue ndoo yenye kifuniko na koki, mikono isizame kwenye maji. Lakini koki nayo isuguliwe kwa ndani. Njia ile ni nyembamba, ina unyevu saa zote, na ndipo ninapokuta ute mzito kuliko popote kwenye ndoo ambazo wenyewe wanasema wameziosha. Mswaki wa zamani unatosha: uchemshe kwanza, usukume toka nje, kisha toka ndani.