Mbao za baraza na pagola: usinunue jina la mti

Anayekwenda kununua mbao za baraza huanza na swali moja: mninga au mtiki? Swali ni zuri, ila linatangulia kabla ya wakati wake. Kwanza jua ubao utakaa wapi. Boriti iliyo chini ya bati ina maisha yake, na mguu wa nguzo unaorushiwa matone ya mvua na matope una yake. Mbao za juu za pagola, yaani kile kivuli cha nguzo na mbao zilizoachiana nafasi, ndizo zenye kazi ngumu kuliko zote, maana hazina paa: jua mchana kutwa, kisha masika nzima.

Fangasi wanaoozesha mbao hawawezi kuishi bila maji. Ubao uliokauka hadi chini ya asilimia 20 ya unyevu, na ukabaki hivyo, hauozi hata ukiwa paini isiyo na dawa. Ndiyo maana kenchi za paini hudumu miaka mingi darini, lakini ubao uleule ukipigiliwa nje hulainika baada ya misimu michache ya mvua.

Sasa turudi kwenye mti. Sifa ya mninga, mvule, mkongo na mtiki ni sifa ya kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina kinga hiyo katika mti wowote. Ina wanga, na wanga ndicho chakula cha bungua, mdudu anayetoboa mbao. Ubao wa mninga wenye ukingo mweupe wa inchi moja utapoteza inchi hiyo, tena utaona unga ukidondoka sakafuni kabla hujajua kuna nini. Kwa mtiki hili ni zito zaidi, kwa sababu mbao nyingi sokoni hutoka kwenye miti michanga yenye kiini kidogo. Nguzo ya inchi 4 kwa 4 iliyopasuliwa kwenye mti kama huo huwa nyeupe kwenye pembe zote nne. Geuza kila ubao utazame vichwa vyote viwili. Kichwa kikiwa kimepakwa rangi, omba kikatwe.

Katika mbao hizo nne, mninga ndio unaotulia zaidi. Hausinyai sana, hivyo viungo havifunguki. Mvule ni imara, na mafundi wa majahazi wa pwani wameutumia kwa vizazi, lakini mara nyingine una chembe ngumu za chokaa ndani zinazoua meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Fundi avae barakoa. Mkongo ni mzuri mno kwa nguzo, ila una rangi ya manjano inayochujuka ukilowa. Usiuweke juu ya viti vyenye vitambaa vyeupe wala juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Ukinunua mbao za miti ya asili Tanzania, ulizia kibali cha kusafirisha mazao ya misitu cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Muuzaji asiye nacho anakuuzia matatizo.

Lakini kwa watu wengi jibu sahihi ni paini iliyotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo. Paini za mashamba ya Mufindi, kama Sao Hill, zinapatikana, bei yake inabebeka, na paini hunywa dawa vizuri kuliko mbao ngumu. Balaa ni kwamba rangi ya kijani ya dawa hiyo inaweza kupakwa kwa brashi. Kabla ya kulipa, omba ubao mmoja ukatwe sentimeta 30 au zaidi kutoka kichwani, kwa sababu kichwani dawa huingia kirahisi hata kwa kuchovya tu. Kwenye ubao wa kweli utaona kijani kimezama ndani kwa sentimeta moja au zaidi. Kikiwa ni utando wa milimeta moja, ondoka.

Na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: ubao wa dawa ukiuranda baada ya kutiwa dawa, unaondoa dawa uliyoilipia. Randa kwanza, dawa baadaye. Vivyo hivyo kwa nguzo za duara za mkaratusi, au mlingoti kama wengine wanavyouita: dawa imekaa kwenye pete ya nje tu, kiini chake hakiinywi. Ukiichonga iwe mraba umebaki na nguzo isiyo na dawa. Kila kichwa kitakachokatwa kazini kipakwe dawa ya shaba mara mbili au tatu, kikauke kila mara. Vipande vilivyobaki visiingie jikoni kamwe. Dawa ya kijani iliyozoeleka ina aseniki, na moshi wake ni sumu.

Kupima ukavu hakuhitaji kifaa cha bei. Kata kipande cha sentimeta 2 katikati ya ubao, kipime kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni kwenye nyuzi 103 hadi uzito ukome kupungua, kisha upime tena. Kikianza na gramu 120 na kuishia 100, unyevu ni asilimia 20. Gramu 140 kwa 100 ni asilimia 40: ubao huo upangwe chini ya paa, vijiti vya inchi moja kati ya safu kila sentimeta 50, usubiri.

Mguu wa nguzo usizikwe kwenye zege. Zege hushika maji kama kikombe, na nguzo huoza pale pale inapoingilia. Tumia kiatu cha chuma kinachoinua nguzo angalau sentimeta 5, na uso wa zege uwe na mteremko. Uwazi huo una faida nyingine: mchwa wakipanda watalazimika kujenga njia ya udongo nje, utaiona na kuibomoa.

Kwa pagola ya futi 12 kwa 10 isiyobeba mmea mzito: nguzo 4 za 4 kwa 4, futi 8, boriti 4 za 2 kwa 6, futi 12, mbili kila upande zikibana nguzo kati yake, mbao 9 za 2 kwa 4, futi 12, zikisimama kwa ubavu kila inchi 18. Nguzo zikae futi moja ndani ya kila mwisho wa boriti. Bolti 8 za milimeta 12, urefu inchi 9, mbili kwa kila nguzo, na washa (vibati vya duara) pande zote. Ongeza viegemeo 8 vya mshazari vya futi 2 na nusu, la sivyo itayumba kwa upepo. Ukitaka kupandisha pasheni, weka nguzo 6.

Epuka nguzo yenye kile kiduara kidogo cha katikati ya mti. Hupasuka kutoka hapo kuelekea nje.

Skrubu na bolti ziwe zilizochovywa kwenye zinki ya moto, za kijivu kisichong'aa. Zile zinazometameta zina zinki nyembamba. Karibu na bahari nunua za stenlesi. Msumari wa chuma kitupu kwenye mtiki au mkaratusi huacha michirizi myeusi isiyotoka. Toboa kwanza kwenye mbao ngumu.

Vanishi ya kung'aa isitumike nje. Jua huipasua, maji huingia kwenye nyufa na hayatoki. Oili chafu ya injini nayo haikauki, inanasa vumbi na kuchafua nguo miezi kadhaa. Tumia mafuta ya mbao ya nje yenye dawa ya ukungu, matabaka mawili membamba, na urudie kila mwaka kabla ya mvua, ukianza na vichwa vya mbao. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, yaliyomo katika mafuta mengi ya mbao, vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.