Unafundisha vijana walio kizuizini? Kila somo liishe siku hiyohiyo

Nimefundisha vijana wanaozuiliwa kwa makosa ya kisheria, na walimu wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza wafuate mtaala upi. Mimi huwaambia watazame kwanza ratiba ya mahakama. Kijana uliye naye leo huenda kesho akapata dhamana au akahamishiwa kituo kingine, na hakuna atakayekupigia simu kukuarifu. Ndiyo maana kila kipindi changu kina mwanzo na mwisho wake. Hata akiondoka usiku huo, awe ameondoka na kitu kizima.

Usimuulize kosa lake. Faili liko ofisini, na kesi ina wenyewe. Muulize aliishia darasa la ngapi, ila jibu usilitegemee sana, kwani wengi hutaja darasa linalolingana na umri wao. Mpe aya fupi, mkiwa wawili tu. Kuna mvulana ambaye kila nikimwomba asome, alisema macho yanamuuma. Nikaomba apimwe, macho yalikuwa mazima. Kumbe hakujua kusoma kabisa, ingawa hesabu za kichwa aliwashinda wote darasani. Tulianza na herufi za jina lake, naye akiandika huku ameziba daftari kwa kiganja wenzake wasione. Tangu hapo simsimamishi mtu kusoma mbele ya darasa mpaka aombe mwenyewe. Wala simpi kijana wa miaka 16 vitabu vya chekechea. Tunajifunzia kwenye barua anayotaka kuandika nyumbani.

Elewana na walinzi mapema, maana wasipofungua mlango hakuna darasa. Penseli zihesabiwe mwanzoni na mwishoni, kila siku, bila kelele.

Jambo ninalolipinga waziwazi ni kumnyima kijana masomo kama adhabu. Amepigana bwenini, basi haendi darasani wiki nzima! Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinasema kila mtoto wa umri wa kwenda shule ana haki ya elimu akiwa ndani. Haki hiyo haisubiri awe na tabia njema. Na mara nyingi huyo mgomvi ndiye anayelihitaji darasa kuliko wote.

Kanuni hizohizo zinataka cheti kisioneshe kwa namna yoyote kwamba mwenye nacho aliwahi kuzuiliwa. Likague hilo kabla cheti hakijachapwa: jina la kituo, mhuri, hata anwani. Vinginevyo, kila mwajiri atakayekishika atajua alikotoka.

Tarehe ya kutoka ikijulikana, wasiliana na shule itakayompokea kabla hajafika getini kwao. Andika alikofikia katika kila somo na uambatanishe kazi zake chache. Nakala moja mkabidhi mzazi au mlezi mkononi, nyingine baki nayo, kwa sababu mafaili hupotea njiani.